Kugawa Shina la Mkindu

Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu wengi walikimbia wakaacha mashamba yao. Arejeaye nyumbani huhitaji mkeka wa kulalia, na mkeka huanzia kwenye mkindu.

Mkindu humea kwa kichaka, mashina mengi pamoja. Mvua zianzapo, kwa kawaida Desemba, lichaguliwe chipukizi lenye mizizi yake lenyewe. Lichimbuliwe polepole, likatwe kwa panga lenye makali, majani yapunguzwe nusu, kisha lipandwe kivulini, uani au kando ya kambi, na kumwagiwa maji kila siku hadi litoe jani jipya.

Mti mama usinyang'anywe machipukizi yote. Wala mvunaji wa ukindu asiguse moyo: shina lililokatwa moyo hufa.