Mgeni wa Nchi ya Nyasi

Chuo cha kijeshi cha Fort Leavenworth, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, kimepokea maafisa wa nchi za nje tangu mwaka 1894, na wa Afrika Mashariki wamekuwa miongoni mwao. Mara nyingi afisa hufuatana na mkewe na watoto. Ikitokea mwanafunzi mwenzake akawaalika kwa wazazi wake shambani, wakati wa majira ya joto, mwaliko huo ni heshima kubwa. Lakini una adabu zake, na baadhi ya adabu hizo zinahusu mali na roho za watu.

Majira hayo, yaani Juni hadi Agosti, hayafanani na kiangazi cha Afrika Mashariki. Mvua huja na ngurumo, joto laweza kupita nyuzi 38, na mwishoni mwa Juni jua huchwa karibu saa tatu usiku. Mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, kuelekea kusini-magharibi, humfikisha mgeni Flint Hills, vilima vya mawe ya gumegume. Miti huota zaidi mabondeni. Kwingineko ni nyasi hadi upeo wa macho. Zamani mbuga ya nyasi ndefu ilienea kutoka Kanada hadi Texas. Karibu yote imelimwa, na iliyosalia haifiki sehemu nne katika mia. Vilima hivi vilisalimika kwa kuwa mwamba uko karibu mno na uso wa ardhi, plau ikashindwa. Ndiyo maana watu wa huko ni wafugaji wa ng'ombe.

Mgeni yuko mapumzikoni, lakini mwenyeji wake yumo kazini. Wakati huo ng'ombe hunenepeshwa, majani hukatwa na kukaushwa kuwa akiba ya miezi ya theluji, na ngano ya mabondeni, iliyopandwa tangu Septemba au Oktoba, huvunwa kuanzia Juni. Mvua ya mawe ya robo saa yaweza kufuta jasho la mwaka mzima. Basi baba wa nyumba akiondoka mezani ghafula kwenda kutazama mawingu, mgeni asidhani amedharauliwa.

Adabu ya kwanza ni ya lango. Lililokutwa limefungwa lifungwe tena. Lililokutwa wazi liachwe wazi. Lango lililoachwa wazi huenda ndiyo njia ya ng'ombe kwenda majini, na mtoto akilifunga kwa nia njema, wanyama watakaa na kiu katika jua kali. Akilifungua lililofungwa, makundi ya watu wawili yatachanganyika, au ng'ombe watatoka hadi barabarani na kugongwa na magari. Hasara hiyo humwangukia mwenyeji.

Adabu ya pili ni ya ulimi. Haifai kumwuliza mfugaji ana ng'ombe wangapi, wala shamba lake lina ukubwa gani. Kwao ni sawasawa na kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani benki. Jambo hili halitawashangaza wafugaji wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao pia hawapendi mifugo ya mtu ihesabiwe hadharani. Mgeni asifu unene wa ng'ombe na urefu wa majani. Hayo yatosha kumfurahisha mwenye mali.

Wazazi nao wawe macho. Ghala la nafaka si mahali pa kuchezea, kwa kuwa nafaka inapotolewa kwa chini huweza kummeza mtu kama maji ya kina. Marobota makubwa ya majani makavu yaweza kuwa na uzito wa nusu tani, yakibingirika huua. Anayetembea nyasini avae suruali ndefu na viatu vizuri, kwa ajili ya kupe na nyoka, na jioni watoto wakaguliwe miili.

Askari afikapo kambi mpya huuliza kwanza lilipo handaki. Na afanye vivyo hivyo katika nyumba ya Kansas. Visulisuli vikali vya huko hutokea zaidi Mei na Juni. Tarehe 4 Mei, 2007, kisulisuli kimoja kilibomoa karibu mji wote wa Greensburg, na watu 11 wakafa. Wengi waliokoka kwa sababu walionywa mapema wakaingia katika vyumba vya chini ya ardhi. Kwa hiyo mama na watoto waijue njia ya chumba hicho siku ya kwanza, kabla ya kulala.

Ndani ya nyumba mambo ni mepesi. Chakula cha jioni huliwa mapema, aghalabu saa kumi na mbili, na kuchelewa ni kumsumbua mpishi. Zawadi ndogo ya kahawa au kitambaa cha nyumbani hupokewa kwa furaha. Majirani wakikusanyika, mara nyingi kila familia huja na chungu chake. Mke wa afisa akipika pilau, watu watamkumbuka. Nyumba zimeachana kwa kilometa kadhaa, na watoto wengi wa huko wameshahamia mijini, hivyo wazee hao huona raha kupata mgeni wa kuzungumza naye. Akirudi chuoni, aandike barua ya shukrani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji wa Kansas kwa kawaida hatampa mgeni wake jembe, kwa kumstahi. Mgeni mwungwana huliomba mwenyewe. Akiosha vyombo, akishika waya wa seng'enge unapokazwa, akalifunga lango kama alivyolikuta, ataalikwa tena mwaka ujao.