Maskini hauziwi plastiki: mashine ya kuvulia inunuliwe kwa nguvu, si kwa rangi

KOLWEZI – Wale wanaouza vyombo vya uvuvi wana wimbo mmoja: mtu asiye na pesa achukue mashine ya bei ya chini kabisa, ile yenye kung'aa, iliyoandikwa beringi nyingi na mbio nyingi. Wimbo huo ni wa uongo, na wenye kuulipia ni wale waliokwisha kupoteza vingi.

Mwaka 2023 shirika Amnesty International pamoja na IBGDH ya hapa kwetu walitoa ripoti juu ya watu wanaoondolewa kwenye nyumba na mashamba yao kwa kupanua migodi ya shaba na kobalti huku Kolwezi. Familia ikiondolewa shambani, inatafuta chakula pengine: porini, sokoni, majini. Pesa kidogo iliyobaki isiishie kwenye chombo kitakachovunjika juma la kwanza.

Anayetafuta samaki wadogo wa chungu katika ziwa la Nzilo hahitaji mashine. Uzi wa mkono, ndoano na mnyoo vinatosha. Wala asidanganywe kuvua na chandarua cha mbu: kinazoa watoto wa samaki, na kesho ziwa ni tupu.

Mashine ni ya kazi nyingine: kurusha chambo bandia kikubwa, cha kutafutia samaki wakubwa wenye meno, kama wale wa Lualaba ya chini, upande wa Upemba. Chambo hicho kinapovutwa kinagoma ndani ya maji hata kabla samaki hajauma. Hapo mbio hazisaidii. Lori la madini likipanda kilima, dereva anaingiza vitesi ya kwanza, si ya tano. Mashine ni vilevile. Ile ya 7 kwa 1 inazungusha uzi mara saba kwa mzunguko mmoja wa mkono. Ni ya haraka lakini nzito kuvuta. Ile ya 5 kwa 1 ni ya polepole, na ndiyo yenye nguvu. Mwenye pesa kidogo achukue hiyo.

Kisha aulize meno ya ndani ni ya nini. Plastiki inalika. Chuma, au shaba iliyochanganywa na zinki, inadumu. Je, si aibu? Shaba ya Lualaba inatoka kila siku kwa malori, na mvuvi wa Lualaba anauziwa plastiki!

Wingi wa beringi usimbabaishe mtu: chache nzuri zinashinda kumi mbovu. Kabla ya kutoa pesa, akamate mashine, abane uzi kwa kidole gumba, azungushe mkono kwa nguvu. Ikilia au ikiruka, airudishe. Mkono uwe mrefu, breki iachie uzi taratibu bila kushtuka. Iliyotumika lakini nzima ni bora kuliko mpya ya kuonyesha watu.

Wengine watasema: "Bora kitu kuliko kukosa." Hapana. Anayenunua mara tatu amelipa kuliko aliyenunua mara moja. Na wale wanaotaka kugawia waliohamishwa vyombo vya uvuvi wawaulize kwanza wavuvi wenyewe, ndipo wanunue. Msaada unaovunjika mkononi si msaada.