Saa ya mkononi ikisema oksijeni iko sawa, uiamini?

Siku hizi sokoni tuko na saa ambayo inahesabu mapigo ya moyo na kuandika oksijeni ya damu: 96, 97, 98. Watu wanaipenda, na inaeleweka. Hopitali iko mbali, na usiku si kila barabara inapitika. Lakini pale familia inapoangalia ile namba ili kuamua kama mgonjwa anaondoka sasa ao anangoja asubuhi, lazima tuulize: hii saa ilipimwa juu ya ngozi ya nani?

Kifaa kinamulika ngozi kwa mwanga mwekundu na mwingine ambao jicho halioni. Damu yenye oksijeni nyingi inameza mwanga tofauti na ile yenye kidogo. Njia hiyo ilivumbuliwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, na ndiyo iko ndani ya kile kibanio cha kidole ambacho wengi walikijua wakati wa Corona. Shida ni kwamba weusi wa ngozi nao unameza mwanga.

Mwezi wa 12 mwaka 2020, watafiti wa Marekani walilinganisha kibanio na damu iliyotolewa moja kwa moja kwenye mshipa. Pale kifaa kiliposema 92 mpaka 96, oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88 katika vipimo 11.7 kwa mia vya wagonjwa weusi. Kwa wazungu ilikuwa 3.6. Na hivyo ni vifaa vya hopitali, si saa za sokoni!

Sababu moja inajulikana. Mwongozo wa Marekani wa 2013 uliridhika na majaribio kwa watu 10, wawili tu wakiwa wa ngozi nyeusi. Ni mwanzoni mwa 2025 ndipo ilipendekezwa watu 150 ao zaidi, wa rangi zote. Saa nyingi hata hazipiti huko, kwa kuwa zinauzwa kama vitu vya mazoezi. Tena zinasoma mwanga unaorudi kutoka mkononi. Mkono ukitikisika ao ukiwa baridi, namba inapotea.

Kuna zile zinazodai kupima sukari bila kutoboa kidole. Februari 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja. Mgonjwa wa sukari akipanga insulini yake kwa saa hiyo, anaweza kufa.

Hatusemi muitupe. Namba ikishuka na kubaki chini, nendeni kwa muganga. Ila namba nzuri isiwarudishe nyumbani kama mtoto anapumua mbio na kifua kinaingia ndani, ao mtu mzima anashindwa kumaliza sentensi. Kwa ngozi yetu, angalieni pia ulimi na ndani ya mdomo: vikigeuka rangi ya buluu ao ya majivu, ondokeni hapo hapo, hata saa ikiandika 97.