Ukumbi wa Mama: Tunapotuma Kurasa za Tovuti

Mwezi huu tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu huwaachia vijana: kupeleka faili za tovuti kwenye seva. Husema, "Hayo ni mambo ya kompyuta, mimi sina muda." Lakini kama tovuti hiyo ndiyo inayotangaza mradi wetu wa kushona au wa mapishi, basi ni mali ya nyumba kama cherehani ilivyo.

Tuanze na kazi yenyewe. Kurasa hutengenezwa katika kompyuta ya nyumbani, kisha hupelekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni tunayoilipa ili watu wazione usiku na mchana. Njia ya zamani ya kuzipeleka huitwa FTP. Iliandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT, Marekani. Katika programu kama FileZilla tunaandika anwani ya seva, jina na neno la siri. Kushoto tunaona faili zetu, kulia zile za seva. Tunavuta faili kutoka kushoto kwenda kulia, nayo inasafiri. Ukurasa wa kwanza mara nyingi huitwa index.html.

Kazi ni nyepesi, na hapo ndipo tunapojikwaa. Kikundi chetu hushona sare za shule. Desemba moja tulipandisha bei kwa sababu kitambaa kilipanda, na mwenzetu akarekebisha ukurasa wa bei. Siku chache baadaye mwingine alitaka kuongeza picha, lakini akatuma folda nzima kutoka kompyuta yake, pamoja na ukurasa wa bei ya zamani. Programu ikamwuliza kama faili iliyopo ifutwe na kuwekwa hii. Akabonyeza ndiyo. Januari wazazi wakaja na bei ya zamani. Tuliwauzia kwa bei hiyo, maana ndiyo tuliyoitangaza wenyewe. Faida ikaisha, na nusura tugombane. Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa letu sote: hatukuwa tumekubaliana nani anashika nakala ya mwisho.

Tangu hapo tuna utaratibu. Kabla ya kutuma, tunavuta kwanza nakala ya faili zilizoko kwenye seva na kuziweka katika folda yenye tarehe. Tunatuma faili iliyobadilika tu. Mmoja wetu ndiye mtunzaji, na kila badiliko huandikwa daftarini. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Jambo la pili ni usalama wa njiani. FTP ya zamani hupeleka neno la siri likiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Aliyejificha kwenye mtandao aweza kulisoma. Mwaka 1995 maneno ya siri yaliibwa kwa namna hiyo katika mtandao wa chuo kikuu kimoja huko Finland. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, akatengeneza SSH, njia inayofunga ujumbe kwa fumbo. SFTP hupita katika njia hiyo. Basi programu inapotutaka tuchague, tuchague SFTP. Kama kampuni yetu haina, tuulize kama ina FTPS, ambayo nayo hufunga ujumbe.

Neno la siri nalo ni ufunguo. Kijana aliyekuja kutusaidia akimaliza kazi, tumshukuru, kisha tulibadilishe, kama tunavyodai ufunguo wa stoo urudishwe.

Mama mwenzetu, wiki hii mwombe mwanao akae kando yako akuelekeze, lakini mkono ulioshika kompyuta uwe wako. Anza kwa kuvuta nakala moja tu na kuiandikia tarehe. Siku ukurasa utakapoharibika, utakuwa na pa kuanzia.