AKIBA YETU YAPIMWA KWA MIZANI GANI?



Sokoni Kawangware bei ya fungu la sukuma wiki haina siri. Muuzaji ataja, mnunuzi apinga, wakipatana fedha zatoka mfukoni. Lakini sisi wenye akiba katika mifuko ya pensheni na ya uwekezaji twaletewa kila mwaka karatasi yenye hesabu ya mali yetu, wala hatuulizi: bei hii imetoka wapi?

Kanuni ya mahesabu iitwayo IFRS 13, iliyoanza kutumika mwaka 2013, yasema kwamba thamani ya haki ni bei ambayo ingepatikana kama mali ingeuzwa siku ile ya kupimwa, kwa utaratibu, bila muuzaji kulazimishwa. Yako madaraja matatu. La kwanza ni bei ya sokoni yenyewe, kama ya hisa za Safaricom katika Soko la Hisa la Nairobi. La pili ni kupima kwa bei ya vitu vinavyofanana. La tatu ni makadirio ya mpimaji, na humo ndimo zimo kampuni zisizouza hisa sokoni, na viwanja na majumba mengi.

Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa Rift Valley Railways, mfuko wa pensheni wa wazee wetu ulikabidhiwa ardhi na majumba, pamoja na ya Muthurwa na Makongeni. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walitakiwa kuhama, wakaenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zilivunjwa. Je, miaka ile ya kesi uwanja ule ulikuwa na thamani gani? Ya uwanja mtupu, au ya uwanja wenye jamaa za watu na kesi? Mpimaji mmoja angesema hivi, wa pili vile, na wote wana vyeti. Na mzee anayengoja pensheni yake Kibera hawezi kumlipa mwenye duka kwa tofali la Muthurwa.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya makarani. Sivyo. Mali ikiandikwa kwa bei ya juu kuliko kweli, atokaye kwanza hulipwa zaidi, na ziada hiyo ni jasho la waliobaki. Ikiandikwa chini, atokaye ndiye apunjwaye. Mwaka 2021 mipango miwili ya Cytonn, iliyotia fedha za watu katika ujenzi wa majumba, ilishindwa kuwalipa wenyewe, ikawekwa chini ya msimamizi. Mali ilikuwa katika mawe na saruji, lakini fedha za kulipa hazikuwapo.

Hatusemi kila mpimaji ni mwizi. Kupima kitu kisichouzwa ni kazi ngumu. Twataka aonyeshe njia aliyopita. Kwa hiyo, katika mkutano wa mwaka wa mfuko wako, simama uulize maneno manne: Nani alipima? Alipima lini? Nani alimlipa? Na makadirio yake yakikosea kidogo, akiba yetu itapungua kwa kiasi gani?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza: daftari lenye bei isiyoulizwa lapoteza mali vilevile. Tuulize pamoja, tungali kazini.