Faini pekee haizimi moto

Moto ulipoteketeza duka la Nakumatt Downtown jijini Nairobi mnamo Januari 28, 2009, wengi waliangamia ilhali kanuni za kupunguza hatari ya moto kazini zilikuwapo tangu 2007. Katiba ya 2010 nayo ikazikabidhi kaunti huduma za zimamoto.

Hata hivyo, mwenye duka asiye na cheti ndiye mwepesi wa kunaswa. Fundi abandikaye kibandiko kwenye mtungi asioukagua huenda zake. Isitoshe, faini ikiwa nafuu kuliko kuujaza mtungi, mfanyabiashara atachagua faini.

Yafaa adhabu imwandame fundi huyo pia, apokonywe leseni. Mtungi mtupu wenye kibandiko kipya ni hatari kuliko ukuta usio na mtungi, kwani huwapa watu matumaini ya uongo.