Madumu ya Dawa Yasiingie Madagoni



Karafuu yetu haihitaji dawa nyingi za wadudu, alhamdulillahi, na pengine ndiyo sababu twaidharau hiyo kidogo tunayoitumia. Mimi nami niliidharau mpaka nilipokwenda Mwandoya, katika wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu, kuwatazama wakwe zangu. Nchi ile ni ya pamba. Mkulima hujitwika bomba mgongoni, hunyunyiza dawa ya funza wa vitumba, na jioni hurudi nyumbani na nguo zile zile. Nilimwona mtoto wa miaka miwili akimrukia babake mlangoni. Na maji ya kunywa yalikuwa katika dumu lililokuwa na dawa. Limesuuzwa mara tatu, nikaambiwa.

Nyingi katika dawa hizi ni sumu ya mishipa ya fahamu. Mishipa hupelekeana habari kwa kemikali, na mwilini mna kimeng'enya cha kuifuta habari ikisha kufika. Sumu hukifunga kimeng'enya hicho, habari ikawa haikomi, mdudu akatetemeka akafa. Binadamu naye anacho kicho hicho. Mtu mzima akipata kidogo huweza kuumwa kichwa akapona. Mtoto sivyo. Tangu tumboni ubongo wake ungali ukijengwa, kila chembe yatafuta mahali pake na wenziwe wa kuungana nao, na mwili wake hauna bado nguvu za kuivunja sumu.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa habari za watoto wa bonde la Salinas, nchi ya mashamba. Wale ambao mama zao walipokuwa waja wazito walikutwa na dalili nyingi zaidi za dawa hizi mkojoni, walipofika miaka 7 walikuwa nyuma kwa alama 7 katika vipimo vya akili, wakilinganishwa na wale ambao mama zao walikuwa na chache kabisa. Mtoto wa namna hii haonekani mgonjwa. Skulini huitwa mzito, akachapwa.

Moja katika dawa hizo, klopairifosi, hutumika pia kuulia mchwa. Umoja wa Ulaya uliikataa mwaka 2020, na Mei 2025 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm, ingawa matumizi kadhaa yaliachiwa. Huko huko Meatu wapo wakulima ambao tangu miaka ya 1990 hulima pamba bila sumu hizi. Sidai kwamba kila mtu aweza.

Ninalodai ni dogo. Dumu la dawa lisichukuliwe dagoni kutiliwa maji ya wachumaji, litobolewe. Mama mja mzito asifue nguo za mnyunyizaji, wala watoto wasiguse bomba. Na Chama kinunue madumu mapya ya maji kwa kila dago. Bwana Mshika Fedha ashaniambia kuwa fungu hilo halimo katika makisio. Basi nitaileta hoja Mkutano Mkuu, kabla ya msimu, tulitafute fungu pamoja.

Katibu